Kila Mtu Jumanne, Saa Nne

Kazi yangu ni kuchora vitu ambavyo bado havipo. Mtu anakuja ofisini na wazo la programu ya simu, tuseme ya kuagiza saruji au ya kutafuta mwalimu wa hisabati, nami namchorea skrini zake zote kabla hata mstari mmoja wa programu yenyewe haujaandikwa. Naweka vitufe, naweka picha, kisha naziunganisha skrini kwa mishale ili mteja akibonyeza hapa apelekwe pale. Akiishika simu mkononi anaapa kwamba kazi imekwisha. Haijaanza. Nyuma ya vile vitufe hakuna kitu, ni rangi tupu, na hapo ndipo ilipo raha yake: mteja anaona makosa mapema, mimi nafuta, nachora upya, hakuna aliyeumia.

Kwetu hakuna aliyewahi kuielewa kazi hii. Mama mdogo, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu, huwaambia watu kwa majivuno kwamba niko kwenye mambo ya kompyuta. Wakimuuliza mambo gani, naye huwauliza watoto wao wako kwenye mambo gani.

Mume wake, baba mdogo, ni daktari wa meno. Ni mtu mkubwa mwenye mikono mikubwa na maneno machache mno. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anatikisa kichwa, ukimtania anatabasamu upande mmoja na kwenda zake. Kliniki yake iko chini ya jengo la ghorofa, katikati ya duka la magodoro na chumba cha fundi cherehani. Ukiingia unakutana na chumba cha kungojea chenye viti vya bluu vilivyopangwa ukutani, feni inayolalamika, na meza ya mapokezi yenye jino la plastiki kubwa kama tikiti. Mapokezi ni mama mdogo. Ndani ni baba mdogo na kile kiti chake kinachopanda na kushuka. Kila kitu kinang'aa. Kasoro ilikuwa moja tu: watu walikuwa hawaji.

Si kwamba hawakupiga simu. Walipiga, wakabembeleza, wakapewa siku na saa. Siku yenyewe ikifika, kila mmoja na lake. Huyu kapata mgeni wa ghafla, yule gari limegoma kuwaka, mwingine jino limepona lenyewe. Mama mdogo alizipokea simu hizo huku akimtazama mumewe kupitia mlango ulio wazi, amekaa kwenye kiti cha wagonjwa anasoma gazeti, glovu mikononi.

Basi siku moja akanipigia.

"Hospitali kubwa ya kule mbali wanamtaka baba yako mdogo," aliniambia. "Wanampa na nyumba. Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

"Naye anasemaje?"

"Anasema watu wa hapa hawampendi. Anasema mwezi ukiisha na viti viko vitupu hivihivi, tunahama."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeolewa na yeye, sikuolewa na jengo," alijibu, kisha akakata simu haraka. Na mama mdogo si mtu wa kukata simu haraka. Kuaga kwake peke yake kunakutosha kupiga pasi shati.

Nilikuwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, na nilikwenda kulia chooni kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Mama mdogo ndiye nyumbani kwangu. Jumapili zangu ziko kwake, nguo zangu za zamani ziko kwake, hata hasira zangu huwa nazipeleka kwake zikapoe. Akihama, mimi nitakwenda wapi nikiwa na habari njema?

Nilinawa uso, nikarudi mezani, nikaamua kwamba hahami mtu.

Niliona tatizo waziwazi. Watu hawaji kwa sababu wanasahau, na wanasahau kwa sababu miadi ya kupigiana simu ni mambo ya kale. Wapewe programu nzuri, wachague siku wenyewe, wakumbushwe, watakuja mbio. Nilikuwa na hakika, na mimi nikiwa na hakika hakuna wa kunishika.

Nikafungua programu ninayochorea, nikaanza. Ukurasa wa kwanza niliweka jino dogo linalotabasamu, na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Weka miadi". Ukikibonyeza inafunguka kalenda. Ukigusa siku yoyote inakuja skrini ya kuandika jina. Ukimaliza inakuja alama ya tiki yenye duara, na chini yake maneno: "Asante! Tunakungoja Jumanne, saa nne asubuhi." Niliandika Jumanne saa nne kwa sababu ilibidi niandike siku fulani, na mchoro haujui kuhesabu. Ungegusa Ijumaa, ungepewa Jumanne. Ungegusa Jumapili ya mwaka ujao, Jumanne. Lile jina uliloandika lilikuwa haliendi popote, maana hapakuwa na pa kwenda.

Kwenye meza ya pili ofisini anakaa mwenzangu ambaye sote tunamwita Stoo. Mimi nachora kinachoonekana. Yeye anajenga kisichoonekana, yaani lile ghala ambamo maandishi ya watu hukaa wakishabonyeza. Alivuta kiti akaja kuangalia.

"Nzuri mno," alisema, akikuna kidevu. "Weka basi maandishi makubwa mekundu hapo katikati: hii haifanyi kazi bado."

"Iharibu sura?"

"Mtu ataiamini."

"Ndiyo maana ya kuwa nzuri," nilimjibu. Sikuweka, na hata leo ungenionyesha ile skrini ilivyokaa nisingeweka. Nyekundu juu ya kijani kile ni dhambi.

Nikamtumia mama mdogo linki. Nilimwandikia kwamba ni ya kuangalia tu, aniambie kama herufi zinasomeka bila miwani. Akanijibu kwa mioyo mingi na picha ya mtu anacheza. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikaendelea na saruji za watu.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana niliufungua ule mchoro ili nirekebishe kivuli cha kitufe. Sasa, programu ninayochorea ina tabia moja: mtu mwingine akifungua mchoro wako, unamwona. Anakuwa mshale mdogo wa rangi unaotembeatembea juu ya kazi yako, na ubavuni umeandikwa "Mgeni". Nimezoea kuona mshale mmoja, wa mteja, ukisitasita kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Siku hiyo mishale ilikuwa imejaa kama inzi kwenye embe. Mwekundu, wa njano, wa zambarau, Mgeni, Mgeni, Mgeni, wote wanakimbilia kitufe cha kijani, wanabonyeza, wanatoka, wengine wanaingia. Macho yalinitoka.

"Stoo," niliita. "Hebu njoo uone."

Stoo alikuja, akaona, akaanza kucheka mpaka akashikilia ukuta. Mimi nilikuwa nimeshampigia mama mdogo.

"Umempa nani ile linki?"

"Watu," alisema.

"Watu gani?"

"Watu wenye meno, mwanangu. Nimeiweka kwenye kundi la kwaya, kundi la wazazi, kundi la jengo, na lile letu la kutembea asubuhi. Wanaisifu hao! Wanasema hata benki hawana kitu kama hicho."

Nakiri kichwa kilivimba kidogo. Kikanywea palepale.

"Mama mdogo, ile haifanyi kazi."

"Inafanya vizuri tu. Nimejaribu mwenyewe, ikanipa Jumanne saa nne."

"Inampa kila mtu Jumanne saa nne!"

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Ni picha. Nimeichora mimi."

"Sasa kwa nini ulichora Jumanne?"

"Ilibidi nichore siku!"

"Basi wapigie uwaambie wasije wote."

"Nimpigie nani? Majina yao hayajakaa mahali. Wameandika hewani."

Nilimsikia akivuta pumzi, halafu nikasikia jambo ambalo sikulitarajia: alikuwa anazuia kicheko.

"Jumanne si ndiyo kesho?" aliuliza.

"Ndiyo kesho."

"Haya. Njoo mapema, na uvae viatu vya kusimama. Baba yako mdogo usimwambie kitu. Atatoroka."

Asubuhi yake nilifika na vijikaratasi vya kubandika vya rangi zote kutoka ofisini, maana nilikuwa nimeshapiga moyo konde: kama programu haina akili, akili itakuwa mimi. Nitaandika majina, nitapanga foleni ukutani, nitasogeza mtu mbele na nyuma kwa mkono. Mama mdogo alikuwa ameazima viti kwa fundi cherehani, na yule wa magodoro alituletea benchi na kubaki palepale. Kumbe naye alikuwa na miadi.

Walianza kuingia mmoja mmoja, kila mtu na uso wa mtu aliyepewa nafasi ya pekee. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwembamba aliyenyooka, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa huo. Akaja kocha wa ndondi, shingo yake pana kama paja langu, shavu limemvimba. Wakaja wanakwaya, sauti ya kwanza na ya tatu. Wakaja baba wawili wa kundi la wazazi, kila mmoja akishangaa kumwona mwenzake.

"Wewe saa ngapi?"

"Saa nne. Wewe je?"

"Saa nne."

"Mimi pia saa nne!"

Ilipotimia hiyo saa nne yenyewe chumba kilikuwa kimefurika, wengine wamesimama mlangoni wakijipepea. Nilipanda kwenye kigoda, nikafungua mdomo kuwaomba radhi. Hapo ndipo mlango wa ndani ulipofunguka. Baba mdogo alichungulia, taa ya kipajini inawaka. Akawatazama. Akaufunga mlango. Akaufungua tena.

"Nani kafariki?" aliuliza.

"Hakuna aliyefariki," mama mdogo alimjibu. "Ni wagonjwa wako. Nenda kanawe mikono."

Kocha alikuwa wa kwanza kwenye foleni yangu kwa sababu ya lile shavu. Nilipomwita aliinuka, akajipapasa mifukoni, akasema amekumbuka hakufunga gari, angerudi sasa hivi. Alikuwa ameshashika kitasa.

"Kaa chini," alisema mwalimu mkuu bila kugeuka.

Kocha alikaa. Chumba kizima kilivunjika mbavu, naye mwenyewe akacheka, akiwa ameshika shavu kwa uchungu. "Nimepigwa ngumi na watu wa kila aina," alisema, "lakini wale walikuwa wanapiga kwa mbali." Kisha alijikaza kisabuni, akaingia. Wote tulitega masikio. Tulisikia mashine, tukamsikia baba mdogo akiimba kwa puani, jambo ambalo hulifanya akiwa na raha tu, na baada ya muda mlango ukafunguka. Kocha alitoka mdomo umekwenda upande, anajaribu kusema kitu.

"Iliuma?" watu waliuliza kwa pamoja.

"Haihuuma," alisema kwa mdomo uliokufa ganzi. "Haihuuma hahisa."

Kuanzia hapo ikawa kama sherehe. Kila aliyetoka alipigiwa makofi, na kila aliyetaka kuchomoka alirudishwa na macho ya wenzake. Wanakwaya walianza kuimba taratibu. Mimi nilihamisha vijikaratasi vyangu ukutani, nikaweka wanaoumwa sana mbele, wa kuangaliwa tu nyuma, wengine nikawapa siku nyingine na wakakubali kwa moyo mmoja. Jua lilipokuwa linashuka mwalimu mkuu alitoka wa mwisho, akasema neno moja, "Fundi," akimaanisha baba mdogo, akaenda zake wima vilevile.

Baba mdogo alitoka, akavua glovu, akakaa kwenye kiti kimoja cha bluu. Nadhani alikuwa hajawahi kukikalia. Akatazama huku na huku.

"Wamekuja," alisema.

Nilimweleza ukweli wote, maana mbele yake siwezi kudanganya: mchoro, Jumanne, makundi ya simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alicheka mara moja, kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa.

"Kumbe walikuja kwa makosa," alisema.

"Walikuja kwa meno," mama mdogo alisema, lakini yeye alikuwa ameinuka kwenda kuzima mashine.

Lile neno "makosa" lilinichoma. Nilimwambia Stoo twende kwa haraka, tujenge kitu cha kweli. Naye alijenga, Stoo ni mcheshi lakini kazi hana mchezo nayo. Ghala lake lilikaa sawasawa. Kalenda yangu sasa ilijua siku, ilijua saa, ukichukua nafasi inafungwa, mwenzako haioni tena. Ilikukumbusha jana yake, ilikukumbusha asubuhi yake. Kila mtu na saa yake peke yake, nafasi kubwa ya kutosha kati ya mtu na mtu, hakuna msongamano. Ilikuwa programu nzuri kuliko zote nilizowahi kugusa, na wala sitii chumvi. Mama mdogo akaitangaza kwenye makundi yote, na nafasi zikajaa wiki nzima.

Hawakuja.

Siku ya kwanza alikuja mmoja, akafika mlangoni, akaona viti vitupu, akasema anakwenda kununua maji. Siku ya pili simu zilianza: mgeni wa ghafla, gari limegoma, jino limepona. Programu yangu iliwakumbusha kwa upole, nao waliikumbuka miadi vizuri kabisa na kuikimbia kwa wakati. Nilipopita jioni nilimkuta baba mdogo kwenye kiti cha wagonjwa na gazeti lake.

"Ile siku walikuwa hawanijui," aliniambia, na kwake hayo ni mazungumzo marefu. "Sasa wameiona kazi yangu, na hawarudi. Mtu ukiambiwa, uelewe."

Nyuma yake mama mdogo alikuwa amepanda ngazi, anafungua pazia za dirishani ili azifue na kuzifunga kwenye boksi. Mwezi ulikuwa umebaki siku za kuhesabu. Nilitoka pale maji yamenifika shingoni, na nikielemewa mimi silii mara mbili. Mara ya pili huwa natafuta mtu wa kugombana naye.

Nikaenda kwa kocha. Alikuwa na miadi siku hiyo, saa tisa, ya kuzibwa jino la pili, naye alituma ujumbe kwamba ana msiba. Nilimkuta kwenye ukumbi wake wa mazoezi akishikilia mfuko wa mchanga huku kijana mmoja akiupiga. Hapakuwa na dalili ya msiba.

"Nani kafariki?" nilimuuliza.

Aliona haya. Alimwambia yule kijana akanywe maji.

"Dada, usinikasirikie."

"Baba mdogo anahama. Anahama kwa sababu yenu. Anadhani kazi yake mbaya."

"Mbaya?" Alishtuka kweli. "Yule? Mimi nimemsifu mpaka watu wamechoka. Sijawahi kuona mkono mwepesi kama ule."

"Sasa mbona hukuja?"

Kocha aliangalia kulia na kushoto, akanisogelea, akashusha sauti. "Saa tisa, mimi peke yangu? Kwenye kile chumba kimya, nasikia feni? Nilifika mpaka kwenye duka la magodoro. Miguu ikagoma. Ile Jumanne nilikuwa na watu. Ningekimbia vipi mbele ya mwalimu wangu wa darasa la pili? Na wenyewe walikuwa wananicheka, ukicheka unasahau. Hii yenu ya sasa..." Alitafuta neno la kunistahi. "Ni nzuri sana. Lakini inamwacha mtu peke yake na daktari."

Nilisimama katikati ya ule ukumbi unaonuka jasho na mpira, nikaona kazi yangu yote ilivyo. Nilikuwa nimehangaika kuwatenganisha watu. Kila mtu na saa yake, kila mtu na woga wake. Nafasi pana kati ya mtu na mtu niliyojivunia ilikuwa ndiyo mlango wa kutorokea.

Nilirudi ofisini nusu nakimbia. Stoo alikuwa anakusanya vitu vyake aende nyumbani.

"Toa kalenda," nilimwambia.

"Kalenda gani?"

"Yote. Toa siku, toa saa. Mtu akibonyeza, apewe Jumanne saa nne asubuhi."

Stoo aliweka begi chini polepole. "Yaani ile ya uongo."

"Ile ile. Ila sasa jina likae kwenye ghala lako, tujue wanakuja wangapi, na viti vikijaa wanaofuata wapewe Jumanne nyingine. Na chini ya tiki iandikwe: 'Hutakuwa peke yako.' Halafu waonyeshwe idadi ya watakaokuwa nao."

"Kalenda uliyoililia mbele ya bosi mpaka akakupa muda?"

"Stoo, toa kabla sijabadili mawazo."

Aliitoa. Niliangalia miraba yangu ikipotea skrini kwa skrini, yenye vile vivuli laini, na roho iliniuma kweli. Mtu asiyechora hawezi kujua. Kilichobaki kilikuwa kitufe kimoja cha kijani na siku moja. Mtoto wa chekechea angeweza kukichora.

Jumanne iliyofuata ilikuwa ndiyo ya mwisho ya mwezi. Nilifika nikiwa sijala, roho mkononi, nikakuta viti vya fundi cherehani vimeshaletwa na benchi la magodoro liko mlangoni, na watu wamekaa. Kocha alikuwepo, katikati, amemleta na mkewe. Baba mmoja wa kundi la wazazi alikuwa anataka kutoka nje kupokea simu isiyolia, na wanakwaya walikuwa wamemzibia njia. Mama mdogo alipiga makofi kuwatuliza huku macho yake yanakwenda na kurudi kwenye mlango wa ndani.

Baba mdogo alifungua mlango. Safari hii hakuufunga. Alisimama na taa yake kipajini, akawatazama mmoja mmoja kama anayehakikisha kwamba hawakuja kwa makosa tena.

"Leo tunajua tuko wengi," kocha alimwambia kwa sauti. "Tumeambiwa kwenye simu. Ndiyo maana tumekuja."

Baba mdogo aliguna. Akamwita wa kwanza kwa kidole.

Walikuwa wameshaingia na kutoka kadhaa, makofi yanaendelea, simu ya kliniki ilipoita. Mama mdogo aliipokea, akasikiliza, na uso ukambadilika. Aliweka kiganja juu ya simu. "Ni wa kule hospitali," alininong'oneza. "Wanataka jibu. Wanauliza aje lini kuchukua funguo za nyumba."

Alikwenda nayo mpaka mlango wa ndani, mimi nyuma yake. Baba mdogo alikuwa ameinama juu ya mdomo wa mwalimu mkuu, mikono yote miwili ina kazi. Mama mdogo alimwekea simu sikioni, akaishikilia hapo.

Baba mdogo alisikiliza. Alitikisa kichwa, kisha akakumbuka kwamba wa upande wa pili hamwoni.

"Nashukuru sana, mkuu," alisema. "Mpeni mtu mwingine hiyo nyumba." Akasikiliza tena. "Hapana, si jambo la nyumba." Nje walikuwa wanamcheka mtu, na kicheko kilikuwa kikubwa hata ilibidi apandishe sauti, yeye ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akiipandisha. "Siwezi kuja. Nina watu huku wananingoja."

Akaondoa sikio, akamwinamia tena mwalimu mkuu, akaanza kuimba kwa puani.

Mama mdogo alibaki na simu hewani. Halafu akaishusha, akajipangusa macho kwa kiganja, akageukia chumba cha kungojea, akavuta pumzi ya kuita anayefuata. Sauti haikutoka. Ikabidi niite mimi.